Kabla hujamwachia fundi simu aiflashi



Ukishuka kwenye mtumbwi uliotoka Kinesi, hapo mwaloni Mwigobero mjini Musoma, ukawapita wauza dagaa, usishangae kukuta kijana kakaa kibandani na kompyuta na nyaya za kila namna. Kazi yake ni kuflashi simu. Jirani zetu wa Kenya wakisema kuflashi wana maana ya kubipu, kwa hiyo tusichanganye mambo.

Simu ya kisasa ni kompyuta ya kiganjani. Programu inayoiendesha imeandikwa katika kumbukumbu iitwayo flashi, ambayo umeme ukikatika haipotezi kilichomo. Aliyeibuni ni Mjapani, Fujio Masuoka wa Toshiba, katika miaka ya 1980. Kuflashi, basi, ni kufuta programu hiyo na kuandika nyingine.

Hiyo nyingine hutoka wapi? Mara nyingi ni faili la kiwandani. Lakini wapo wanaotengeneza la kwao. Mwaka 2000 Compaq ilitoa kompyuta ya mkononi, iPAQ, na wataalamu wakaing'oa Windows iliyokuwamo wakaweka Linux. Kwa simu za Android, Google huweka hadharani maandishi ya programu. Mtaalamu huyachukua, akatoa asichokitaka, akaongeza vipande vinavyoendesha kamera na mtandao wa simu ya aina ile, kisha kompyuta yenye nguvu ikayageuza yote kuwa faili. Ndivyo walivyofanya CyanogenMod tangu 2009 hadi walipofunga Desemba 2016, LineageOS wakapokea. Simu kuukuu iliyotupwa mkono na kiwanda huweza kupata uhai hivyo.

Ila faili hutengenezwa kwa modeli moja tu. Simu mbili zenye jina moja kwenye kasha zaweza kuwa na chipu tofauti. Fundi akibahatisha, haiwaki tena. Na kufungua kufuli ya mfumo kwa kawaida hufuta kila kitu: picha, majina, hata hesabu za wateja waliokopa dagaa. Fedha za M-Pesa hazimo ndani ya simu, ziko kwenye mitambo ya kampuni, hizo usihofu.

Kubwa zaidi ni IMEI, namba ya utambulisho yenye tarakimu 15. Kazi ya pupa huweza kuifuta. Juni 2016 TCRA ilizima simu zenye namba bandia, na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 imekwisha kufanya kuichezea kuwa kosa. Anayetaka ibadilishwe, mwulize simu ni ya nani! Mafundi husemwa vibaya wote kwa pamoja, na si haki. Yupo anayemrudisha mteja wa namna hiyo na kuikosa fedha yake.

Wewe, kabla ya kuiacha simu yako, bonyeza *#06#. Ikiwa ni ya laini mbili zitatokea namba mbili. Ziandike zote kwenye daftari, si humo humo simuni. Chomoa laini na kadi ya kumbukumbu, uondoke nazo.