SHULE YETU NA SANDUKU LETU
Hotuba ya Mwenyekiti wa kikundi siku ya kutimiza miaka kumi

 

Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku hii ya leo tukiwa wazima. Wenzetu wawili waliotangulia mbele ya haki tunawakumbuka, Mungu awalaze mahali pema.

Katibu ameshasoma risala, na Mweka Hazina ameshasoma mahesabu, hivyo sitayarudia. Mimi nitasema juu ya shule yetu. Najua wapo wanaojiuliza, eti sikukuu ni ya kikundi, shule imeingiaje hapa? Vumilieni kidogo, mtaona.

Ndugu zangu, mwaka 2015 tulipoanza tulikuwa akina mama 17 tu. Hatukuwa na nyumba wala ofisi. Mwalimu Mkuu wa wakati ule alituruhusu kukaa chini ya mwembe wa shule kila Ijumaa saa kumi jioni, watoto wakishaondoka. Mvua ikinyesha tulihamia darasa la pili. Sanduku letu la kufuli tatu liliwekwa juu ya dawati, na hesabu za kwanza tuliandika kwa chaki ubaoni kabla ya kuziingiza kwenye leja. Leo tuko 26. Kwa hiyo nasema kikundi hiki kimezaliwa shuleni, na mtoto hamsahau mama yake.

Mimi nina elimu ya darasa la saba. Ni mtoto wa UPE. Wakubwa mnakumbuka, mwaka 1974 chama kilikaa Musoma kikaazimia kila mtoto wa Tanzania asome shule ya msingi ifikapo mwaka 1977. Nilianza darasa la kwanza mwaka 1979 hapa hapa Muheza. Tulikuwa wengi mpaka wengine tunakaa chini, na baadhi ya walimu wa wakati ule walikuwa wamemaliza darasa la saba tu wakafundishwa kazi hiyo huku wakifundisha. Asubuhi mchakamchaka, kisha namba, kisha ukaguzi wa kucha na meno. Jumatatu kila mtu na fagio lake. Tulilima shamba la shule kwa majembe tuliyotoka nayo nyumbani. Darasani tulisoma ba, be, bi, bo, bu kwa kuimba. Mwalimu akifuta ubao, wengine wetu na sisi tunafutika papo hapo. Lakini nilitoka najua kusoma, kuandika na kuhesabu, na hivyo vitatu ndivyo vilivyonifanya mnichague.

Sasa niseme jambo ambalo wengi hapa hamlijui. Nalisema mbele ya wageni kwa sababu ni kosa langu mwenyewe, si la mtu mwingine.

Ninaishi na mjukuu wangu wa kike, mama yake yuko mjini kutafuta maisha. Mwaka 2020 aliingia darasa la kwanza. Mwezi Machi shule zote zikafungwa kwa sababu ya Korona, na za msingi hazikufunguliwa mpaka tarehe 29 Juni. Miezi ile nilikuwa nakwenda naye gulioni kuuza machungwa. Mtoto mwepesi, anaita wateja, anapanga mafungu. Shule zilipofunguliwa nikamrudisha. Lakini Alhamisi, siku ya gulio, nikawa nambakiza. Nikajiambia, siku moja tu kwa juma, kuna ubaya gani? Mwalimu akiuliza, nasema anaumwa tumbo. Nilidanganya, jamani.

Mwaka 2022 akiwa darasa la tatu, miwani yangu ilivunjika siku ya Ijumaa, siku ya kikao. Nikamwita: njoo unisomee leja, nani ana hisa ngapi. Akaishika leja. Akatazama. Akaanza kutaja majina ya akina mama kwa mpangilio wanavyokaa, kwa sababu anawajua kwa sura! Nikafikiri anatania. Nikamwonyesha neno "mkopo". Kimya. Machozi yakaanza kumtoka, na mimi nikahisi ardhi inanimeza. Mwenyekiti wa kikundi, mtunza leja, mjukuu wake hajui kusoma neno mkopo.

Usiku ule nilichukua kalamu nikapiga hesabu. Siku za masomo kwa mwaka ni 194. Juma la shule lina siku tano. Ukitoa moja kila juma unapoteza karibu siku 39 kwa mwaka, ambazo ni karibu majuma manane ya shule. Sisi hapa tunafundishana kwamba mia tano mia tano za kila Ijumaa mwisho zinajenga nyumba. Mimi nilikuwa naweka akiba ya namna hiyo hiyo, lakini ya ujinga. Nayo ilikua na kuzaa riba.

Jumatatu nikaenda kwa mwalimu wa darasa la kwanza, nikamwambia ukweli wote. Hakunigombeza. Akaniambia, "Bibi, kaa hapo nyuma uone tunavyofanya, kisha nyumbani utanisaidia." Nikakaa kwenye dawati la watoto, magoti yananigusa kidevu.

Ndugu wazazi, nawaomba siku moja mwende mkaone. Masomo ya siku hizi si kama yetu. Tangu mwaka 2015 madarasa ya kwanza na ya pili yanatilia mkazo KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Mwalimu hakuanza na majina ya herufi, alianza na sauti. Anatoa kadi ya "m", watoto wanafumba midomo wanavuma. Analeta kadi ya "a", wanaunganisha: ma. Ma na ma, mama. Mtoto anagundua mwenyewe kwamba amesoma neno, na furaha yake unaiona usoni. Kabla ya kuandika kwenye daftari wanaandika hewani kwa kidole, kisha mchangani nje ya mlango.

Hesabu walifanya kwa vifuniko vya soda na vijiti. Vijiti kumi vinafungwa kamba kuwa fungu. Mwalimu akasema, 52 toa 18. Mbili toa nane haiwezekani, basi tunakwenda kukopa kumi kwa jirani. Mtoto akafungua kamba ya fungu moja, vijiti vikawa kumi na viwili, akatoa vinane, vikabaki vinne. Kwenye mafungu manne yaliyobaki akatoa moja, yakabaki matatu. Jibu 34. Mimi nilifundishwa kukopa kwa kukariri, na siku ile, nikiwa na miaka hamsini na kitu, ndipo nilipoona kwa macho yangu kilichokuwa kinakopwa. Nikacheka peke yangu kule nyuma. Tofauti ni moja, darasani ukikopa kwa jirani hulipi, huku kwetu unalipa na faini juu!

Halafu nikaona jambo jingine. Ilipofika saa nne, watoto wawili mbele yangu walikuwa wamelala juu ya dawati. Mwalimu akaninong'oneza kwamba hao hawajala tangu jana jioni, na wanatembea kutoka ng'ambo ya mto. Mwalimu hata angekuwa hodari namna gani, sauti ya "m" haiingii kwenye tumbo tupu.

Ndipo lilipotoka lile wazo la uji ninyi mnalolijua. Mwaka 2023 tulikubaliana kila mwanakikundi atoe debe moja la mahindi wakati wa mavuno, watoto wa awali, la kwanza na la pili wapate kikombe cha uji saa nne. Wako 64. Kikombe kimoja kinahitaji unga gramu 50 hivi, kwa siku kilo tatu na robo kasoro kidogo. Debe la mahindi ni kilo 18 hivi, mara 26 ni kilo 468, na zinatosha siku 146. Siku zilizobaki wazazi wa watoto hao wakajaza, pamoja na sukari na kuni. Akina baba nao wakafanya msaragambo, wakajenga jiko la udongo na banda lake, na watoto wa darasa la sita wakatengeneza vibuyu chirizi vya kunawia mikono. Walimu wenyewe wameniambia kwamba utoro umepungua na wanaolala darasani hawaonekani tena.

Lakini leo ni siku ya kusema kweli. Msimu huu madebe yaliyofika ni 19. Saba hayajaletwa. Simtaji mtu, kila mmoja anajijua. Nimesikia maneno yanayozunguka kisimani, nami nitayajibu kwa heshima.

La kwanza: "Serikali ilisema elimu ni bure, uji wa nini tena?" Ndiyo, tangu Januari 2016 ada na michango ya lazima ilifutwa, na ruzuku inakwenda shuleni. Tunashukuru. Lakini sare, madaftari na chakula cha mtoto anayelala nyumbani vilibaki mikononi mwa mzazi. Serikali haikusema itatulishia watoto.

La pili: "Mimi sina mtoto pale shuleni." Dada yangu, yule anayekusomea ujumbe wa simu pesa inapoingia alisoma wapi? Na sisi tukizeeka, mikono ikitetemeka, leja hii nani ataishika? Kati yetu 26, wapo sita wanaoweka dole gumba. Si aibu yao, hawakupata nafasi. Lakini nauliza, tunataka baada ya miaka ishirini wawe wangapi?

La tatu: "Mahindi yamepanda bei." Hili ni kweli na sina ubishi nalo. Mwenye shida aseme mapema, tukubaliane alete nusu debe, au alipe polepole kutoka kwenye hisa. Kinachovunja kikundi ni kukaa kimya. Debe pungufu tunaweza kulijazia wenyewe.

Kwa hiyo naleta mbele yenu maombi mawili, tuyapigie kura kabla ya chakula. Kwanza, debe la uji liingie kwenye katiba yetu, kama mfuko wa jamii ulivyoingia, lisiwe jambo la hiari ya moyo wa mwenyekiti. Pili, mwanakikundi yeyote atakayeonekana na mtoto wa shule gulioni saa za masomo atozwe faini shilingi 2,000, na faini hiyo iende kununua chaki na madaftari. Faini ya kwanza nailipa mimi, ya Alhamisi zangu zote. Nimempa Mweka Hazina asubuhi hii, na risiti ninayo.

Mtanisamehe nikimrudia mjukuu wangu. Mwalimu alimweka jioni na wenzake watano, dakika arobaini kila siku kwa muhula mzima, bila kudai senti. Nyumbani nikamkatia kadi kwenye maboksi ya sabuni. Alhamisi nikaenda gulioni peke yangu, mauzo yakapungua kidogo, sikufa. Sasa yuko darasa la sita. Hotuba hii nimeiandika kwa mkono wangu, na jana usiku amenisomea yote kwa sauti akinisahihisha. Makosa yaliyobaki ni yale niliyokataa kusahihishwa.

Akina mama, miaka kumi tumeweka pesa na tumeona faida yake. Tumeezeka mabati, tumenunua mbuzi, tumezikana kwa heshima. Miaka kumi ijayo tuweke na watoto kwenye hesabu.

 Mungu ibariki shule yetu, Mungu kibariki kikundi chetu.