Nani Anashika Funguo za Stoo ya Hospitali?

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama mmoja wa idara ya njia mbele ya mkutano wa tawi)



Mimi si msomi. Elimu yangu ni ya shule ya msingi ya misheni. Lakini jambo nililoleta leo ni la elimu ya juu kabisa, na mtaona kwamba latuhusu sisi sote, tangu mpiga nyundo wa njiani mpaka karani wa tiketi.

Wengi wenu mwamkumbuka mwenzetu wa genge aliyebanwa mkono na reli mwaka 2023. Tulimpeleka hospitali moja. Jina lake silitaji, maana sikuja hapa kumshitaki mtu. Daktari wa upasuaji alikuwepo. Manesi walikuwepo. Chumba cha upasuaji kilikuwa tayari. Dawa ya usingizi ndiyo haikuwepo. Tulizunguka huku na huku siku mbili kabla ya kuipata, na siku ya tatu vidole viwili vikakatwa. Daktari mwenyewe alituambia kwamba vidole vile, kama vingaliwahiwa, labda vingalipona.

Nilikasirika, nikaenda kuuliza. Karani wa stoo akanionyesha nakala ya barua yake. Alikuwa ameiomba dawa ile majuma matatu mbele. Barua ilikuwa juu ya meza ya daktari mkuu, yangoja sahihi. Na daktari mkuu alikuwa wapi? Alikuwa akipasua wagonjwa tangu asubuhi mpaka usiku. Hakuwa mvivu hata kidogo. Alikuwa mtu mmoja mwenye kazi mbili, na moja katika hizo hakufundishwa.

Ndugu zangu, sisi wa reli twalifahamu jambo hili. Dereva hodari hatolewi kwenye injini leo, kesho akawekwa kuwa stesheni masta pasipo mafunzo. Si kwamba ni mjinga, bali ile ni kazi nyingine. Akikosea kutoa ruhusa ya njia, treni mbili zitakutana kwenye reli moja. Lakini hospitalini twaona ni kawaida: daktari akiwa hodari wa kutibu, mara nyingi hupewa hospitali nzima aiendeshe, pamoja na vitanda, zamu za watumishi, chakula, mafuta ya gari la wagonjwa, stoo na hesabu zote. Hivyo twampoteza tabibu mzuri, wala hatupati msimamizi mzuri.

Waliosoma Biblia watakumbuka habari za Matendo ya Mitume, mlango wa 6. Wajane walinung'unika kwamba wanasahauliwa katika kugawiwa chakula cha kila siku. Mitume hawakuacha kazi yao ili wagawe chakula, wala hawakusema kugawa chakula ni kazi duni. Walitaka wachaguliwe watu saba wenye sifa njema na hekima, wakawakabidhi jambo lile.

Basi, kazi hii ya kuendesha hospitali ina elimu yake. Katika Marekani alikuwako mtu aliyeitwa Michael M. Davis. Hakuwa daktari wa dawa. Alisomea elimu ya jamii. Mwaka 1929 alitoa kitabu akieleza kwamba kuendesha hospitali ni kazi ya maisha, tena yataka watu waliofundishwa. Mwaka 1934 mafunzo ya digrii ya pili ya kazi hiyo yakaanza katika Chuo Kikuu cha Chicago, na vyuo vikuu vingine vikafuata.

Wanafundishwa nini? Hesabu za fedha na kupanga matumizi ya mwaka. Kununua na kutunza vitu vya stoo, ili dawa iagizwe kabla haijakwisha. Sheria, na namna ya kukaa na watumishi na vyama vyao. Kusoma takwimu za magonjwa, ili mtu ajue ni wagonjwa wangapi watakaokuja wakati wa mvua, asingoje mpaka wamejaa mlangoni. Kisha katika mafunzo mazuri mwanafunzi hupelekwa hospitalini kufanya kazi chini ya msimamizi mzoefu, kama sisi tulivyowekwa chini ya mnyapara mzee kabla ya kuachiwa njia.

Msidhani elimu hii iko ng'ambo tu. Hapa Kenya, Chuo Kikuu cha Strathmore na Chuo Kikuu cha Methodisti vina mafunzo ya namna hii. Tena si ya madaktari peke yao. Nesi, mfamasia au mhasibu mwenye digrii ya kwanza aweza kuomba nafasi.

Kwa nini nayasema haya mbele ya chama cha wafanya kazi? Kwa sababu ya fedha yetu. Tangu Oktoba 2024, Bima ya Afya ya Jamii imechukua mahali pa ule mfuko wa NHIF ulioanzishwa mwaka 1966, na kila mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Mwenye kupata shilingi 40,000 hutoa shilingi 1,100 kila mwezi. Tena sheria ya mwaka 2023 imeziruhusu hospitali za serikali kuzishika na kuzitumia zenyewe fedha wanazokusanya. Hiyo ni sheria njema. Lakini fedha ikikaa karibu na mgonjwa, hapana budi awepo karibu mtu anayejua kuitumia.

Mtu atasema, karatasi ya chuo kikuu haimzuii mwizi. Ni kweli. Lakini vitabu vya hesabu vilivyoshikwa sawasawa humfanya mwizi aonekane. Mwingine atasema, karo ni kubwa, sisi tutaipata wapi? Hilo nalo ni kweli, na ndilo linalonifanya nisimame hapa.

Naomba mambo matatu. La kwanza, tawi letu litenge fungu dogo la kuwasaidia watoto wa wanachama wenye digrii ya kwanza watakaochagua mafunzo haya, kwa mapatano kwamba watatumika katika hospitali za umma. La pili, viongozi wetu wakionana na wakuu wa kaunti, waulize kila mara: ni nani msimamizi wa hospitali hii, na kazi hiyo aliisomea wapi? La tatu ni letu wazazi. Mtoto akiwa hodari wa hesabu, tusimwambie kwamba hospitalini hapana kazi isipokuwa ya daktari au nesi.

Mwenzetu yule yuko hapa pamoja nasi leo. Amerudi kazini, lakini nyundo haishiki tena kama zamani. Amepewa kazi ya bendera. Jioni mkimsalimu, mtakumbuka ile barua iliyolala mezani majuma matatu.