Maji Hayana Urafiki na Ukuta

Hotuba ya fundi mwashi kutoka Mbuya, Kampala, mbele ya wakazi wa Nakivale, Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni



Nimepewa dakika chache nizungumze juu ya nyumba na mvua. Mimi ni mwashi. Kazi hii nilijifunzia Mbuya, kilima kilicho mashariki ya Kampala. Mvua ikinyesha kule juu, maji huteremka kwa nguvu kuelekea kinamasi cha Kinawataka, na njiani hupiga misingi ya nyumba za bondeni. Huko ndiko nilikojenga chumba changu cha kwanza, kwa matofali mabichi, bila msingi wa mawe wala mtaro. Mwezi wa Aprili ukuta mmoja ulianguka usiku. Watoto walikuwa wamelala upande wa pili. Sikuwa na wa kumlaumu. Fundi nilikuwa mimi.

Tangu siku ile nimejua kwamba kuzuia maji si urembo wa nyumba, ni usalama wa watu. Tofali bichi likiwa kavu hubeba paa. Likilowa hurudi kuwa matope. Na ukuta huanza kuliwa chini, pale maji ya paa yanaporuka na unyevu wa ardhi unapopanda.

Kwa hiyo nawaombeni mambo matano.

Kwanza, chimbeni mtaro kuzunguka nyumba kabla ya mvua za Machi na za Septemba, na uwe na mahali pa kumwaga maji, si mlangoni kwa jirani.

Pili, msingi wa mawe upande angalau sentimita 15 juu ya ardhi. Tandikeni plastiki nzito juu yake kabla ya tofali la kwanza.

Tatu, paa litokeze kama sentimita 60 nje ya ukuta.

Nne, msipige plasta ya saruji juu ya tofali bichi. Hupasuka, maji huingia nyuma yake yakakosa njia ya kutoka, na ukuta huoza huku mkiuona mzima. Udongo uliochanganywa na majani makavu au samadi ya ng'ombe, ukirudiwa kila kiangazi, unafaa zaidi.

Tano, turubai la mita 4 kwa 5 lisitobolewe misumari ovyo. Lifungwe kwa kamba, livutwe vizuri, na liwe na mteremko ili maji yasituame. Tena plastiki huwaka: acheni walau mita 2 kati ya nyumba na nyumba.

Ndugu zetu wa mashirika, Uganda ina Sheria ya Udhibiti wa Ujenzi ya mwaka 2013, lakini sheria haichimbi mtaro. Mkitupa mabati peke yake, mmetuvisha kofia tukiwa pekupeku. Leteni pia mawe na plastiki ya msingi, na mafundi waje kabla ya mvua.

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi naongeza neno moja: ukiuona ufa, hamisha kwanza kitanda cha mtoto, ndipo uuzibe.