Wimbo Ulitangulia, Mkono Ukafuata
(Hotuba ya katibu wa kwaya, sherehe ya Jubilii ya miaka 25)

 

Kamati ilitutaka tuzungumzie historia ya kwaya. Historia mmeshaiona katika kurasa za mwanzo, pamoja na picha za zile sare za kwanza ambazo tukizitazama leo tunacheka wenyewe. Sisi tumeomba nafasi tuseme jambo lingine, ambalo limetusumbua tangu tuanze kujitayarisha kwa siku hii. Kwa miaka 25 tumesimama hapa mbele tukiimba kwamba tumejitoa kwa Bwana. Je, tumejitoa?

Chukueni ule wimbo wa Twae Wangu Uzima katika Tenzi za Rohoni. Tunauimba sadaka ikitolewa, tunauimba siku ya kipaimara, tena bila kufungua kitabu. Aliyeutunga ni Frances Ridley Havergal, Mwingereza, binti ya kasisi. Mapema mwaka 1874 alikwenda kukaa siku chache katika nyumba iliyokuwa na watu kumi, akamwomba Mungu ampe wote waliokuwemo. Usiku wa mwisho alijawa na furaha hata usingizi ukamkimbia, akakesha akitunga beti hizo. Ilikuwa tarehe 4 Februari.

Dada huyu alikuwa mwimbaji kama sisi. Si wa kubahatisha, maana sauti yake ilifunzwa, na watu walikuwa wakienda kumsikiliza akiimba peke yake kwenye matamasha. Ndiyo maana katika wimbo huo hakusahau kuitaja sauti. Akaamua kwamba tangu hapo ataimba nyimbo za Bwana tu.

Lakini wimbo huo unataja pia fedha na dhahabu. Maneno hayo aliyaandika 1874. Vito vyake alivitoa Agosti 1878. Hesabuni wenyewe: ni miaka minne na zaidi. Alikusanya vipande karibu 50, pamoja na sanduku zuri la kuvitunzia, akavipeleka kwa Church Missionary Society, chama kilekile kilichomtuma Johann Ludwig Krapf akafika Mombasa mwaka 1844, na ambacho mwaka 1875 kilianzisha Frere Town, pale ng'ambo ya kisiwa, kuwa makao ya watu waliokombolewa utumwani. Havergal alijibakizia pambo moja au mawili ya kifuani kwa kuwakumbuka wazazi wake, na kidani chenye picha ya binti wa nduguye aliyekuwa amefariki. Hata hivyo, alivyobaki navyo alivilipia, ili thamani yote iende kwa kazi ya injili. Mwaka uliofuata, tarehe 3 Juni 1879, alifariki akiwa na umri wa miaka 42.

Hiyo miaka minne imetufariji, tena imetuhukumu. Kwake yeye wimbo ulitangulia, mkono ukafuata. Kwetu wimbo umetangulia miaka 25.

Katika Luka 9:23 Bwana Yesu anamwambia kila anayetaka kumfuata ajikane na kuubeba msalaba wake. Mathayo na Marko wameyaandika maneno hayo pia, lakini Luka peke yake ndiye anayeongeza kwamba ni kila siku. Wale miongoni mwetu tunaofundisha shule tunaijua hiyo kila siku. Rejista haijazwi mara moja kwa muhula.

Na rejista ndiyo iliyotuumbua. Mwaka tuliorekodi video, karibu mazoezi yote yaliishia kwenye ugomvi. Nani asimame mbele ya kamera? Kwa nini sauti ya kwanza wapewe ubeti wa kuanzia kila wimbo? Nani alichanga, nani hajachanga na bado anataka kuonekana? Miezi hiyo mama mmoja wa sauti ya pili alikuwa amelazwa hospitalini. Juzi, tukipekua vitabu vya kwaya ili kuandaa kijitabu hiki, tulikuta jina lake. Alhamisi nne mfululizo, mbele ya jina tumeandika "hayupo". Juu ya ukurasa huohuo, kwa mwandiko wetu mzuri, tumeorodhesha nyimbo za mazoezi ya siku hiyo. Mmojawapo ni Twae Wangu Uzima.

Hakuna aliyekwenda kumwona. Mama alipona, akarudi, akasimama mahali pake, hakulalamika hata siku moja. Tulipokwenda kwake mwezi uliopita kumwomba msamaha, alitupikia chai, akatuambia kwamba wadini ilikuwa na redio na Jumapili alikuwa akifuatisha nyimbo akiwa kitandani. Hatukujua la kusema.

Tuseme na hili, kwa heshima ya wazee wetu. Neno kujikana limewahi kutumiwa vibaya humu kwetu. Kijana akiuliza pesa za kinanda zimefika wapi, anaambiwa ajikane. Wasichana wakichoka kuosha vyombo kila baada ya mkesha, wanaambiwa wajikane, na anayewaambia ameketi. Bwana alisema mtu ajikane mwenyewe. Kumkana mwenzako ni kazi nyingine, nayo Petro aliifanya uani akiota moto, kisha akatoka akalia.

Basi kamati ilikaa, ikabishana mpaka saa nne usiku, na haya ndiyo tuliyokubaliana. Fedha tulizoweka kwa ajili ya sare mpya za Jubilii, nusu yake imeanzisha mfuko wa wagonjwa wa kwaya. Ndiyo sababu leo mnatuona na sare zilezile. Msidhani fundi alituangusha. Hesabu za kwaya zitasomwa mbele ya wanakwaya wote kila miezi mitatu. Na katibu, akiandika "hayupo" mara mbili, lazima kabla ya Alhamisi ya tatu mtu awe amefika nyumbani kwa huyo ndugu.

Lililotushinda nguvu zaidi ni la mwisho: viongozi wa sauti waliokaa zaidi ya miaka kumi wawaachie wadogo nafasi zao. Hatutawaficha, kuna waliolia. Pesa tulizitoa kwa urahisi zaidi. Mmoja alisema, "Nikitoa hii sauti ya kuanzisha, nitabaki na nini?" Hatukumjibu. Jumamosi iliyofuata alikuja saa moja kabla ya wenzake, akakaa na msichana wa kidato cha tatu kwenye benchi la nyuma, akimfundisha mahali pa kuvuta pumzi.

Msichana huyo ndiye atakayetuanzishia wimbo baada ya sadaka. Sauti yake bado inatetemeka kidogo, kwa hiyo tunawaomba mumpokee kwa nguvu kuanzia ubeti wa kwanza. Sisi wakongwe mtatuona safu ya nyuma.