Msimwite Mtoto Mlafi
(Mazungumzo ya kamati yetu ya afya na wazazi wa vijana)

Leo hatukuja kuwafundisha kupika. Tumekuja kwa sababu ya msichana mmoja wa miaka 15, ambaye jina lake tutalificha. Alianguka paredi shuleni asubuhi. Tulipomwuliza akasema hajala tangu jana yake mchana. Kwa nini? Babake humwita mlafi mbele ya ndugu zake, na hao ndugu, wembamba kama fito, hula chakula kilekile wala hawaambiwi kitu.

Tulimtembelea mzee huyo. Ukutani pana picha ya mamake na dada zake watatu. Wote wanene! Tukamwuliza, "Baba, hawa nao walikuwa walafi?" Akacheka, halafu akanyamaza.

Basi tuseme wazi. Unene na wembamba hurithiwa kwa sehemu kubwa, kama vile kimo. Mwaka 1986 wataalamu walitoa habari za watu wazima 540 wa Denmark ambao walilelewa na wazazi wasiowazaa. Kwa mwili, watu hao walifanana na wale waliowazaa, si wale waliowapikia. Mwaka 2007 ikajulikana jeni moja iitwayo FTO. Katika watu karibu 39,000 wa Ulaya waliochunguzwa, waliorithi aina yake ya kunenepesha kwa baba na pia kwa mama walikuwa na karibu kilo 3 zaidi ya wale wasioirithi kabisa. Kwa watoto tofauti hiyo ilionekana tangu miaka 7. Na jeni za namna hii ni nyingi, kila moja na kidogo chake. Nyingi hufanya kazi ubongoni, kwenye mambo ya njaa na kushiba. Ndiyo maana watoto wa tumbo moja, wakila pamoja, mmoja ameshiba na mwenzake bado anaangalia sufuria.

Tena msichana akibalehe huongeza mafuta nyongani na mapajani. Huko ni kukua, si ugonjwa.

Sasa kuna baba atasema, "Kama ni damu, tuache tu." Hapana, mzee. Damu ya ukoo wenu haijabadilika tangu enzi za babu, lakini babu alikwenda shambani kwa miguu, na chai ya sukari ilikuwa ya wageni. Siku hizi ni boda boda, soda na chipsi za kibandani. Aliyerithi mwili wa kunenepa ndiye huumia kwanza mambo hayo yakizidi.

Kwa hivyo msimpikie huyo mmoja chakula cha adhabu. Punguzeni mafuta kwenye sufuria ya wote na sukari kwenye chai ya wote, baba akiwemo. Maharagwe na sukuma wiki viwe vya wote. Watembee, wacheze mpira. Shirika la Afya Duniani linataka vijana wapate dakika 60 kila siku. Lakini kumshindisha njaa mtoto ambaye mwili wake bado unajenga mifupa na damu, huko ni kumdhuru.

Na sisi kamati tuna letu la kukiri. Siku za kupima vijana tulikuwa tukisoma kilo kwa sauti, foleni nzima inasikia na kucheka. Tulikosa. Mizani sasa iko ndani, nyuma ya pazia. Waleteni Jumamosi asubuhi. Kilo za mtoto ataambiwa yeye na mzazi wake tu.