Mwendo wa Boti Karibu na Mialo Yetu

(Mazungumzo mbele ya Makatibu wa Vyama vya Msingi, Usagara)



Nimeombwa niseme juu ya jambo linaloonekana dogo, nalo ni mwendo wa boti za injini zinapokaribia mialo yetu. Tumekutana hapa Usagara, njia panda ya kwendea Kigongo. Tangu daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lifunguliwe Juni 2025, magari yapitayo njia hiyo hayangoji tena kivuko. Huenda mtu akadhani kwamba mambo ya majini yamekwisha. La, hayakwisha. Visiwa vingali visiwa, na dagaa, sangara, saruji na wagonjwa wangali wakivushwa kwa mitumbwi na boti.

Kwanza tuyaelewe madhara yenyewe. Boti ikiongeza mwendo mara mbili, nguvu yake ya kugonga huwa mara nne. Kadhalika wimbi likipanda kimo mara mbili, hubeba nguvu mara nne. Wimbi hilo huujaza maji mtumbwi wa kasia uliopakia, humwangusha mama achotaye maji, tena humomonyoa ukingo wenye matete na mafunjo, ambayo ni maficho ya samaki wachanga. Yafaa pia ijulikane kwamba boti iliyopunguza mwendo nusunusu, pua ikiwa imeinuka na tezi imedidimia, ndiyo hutoa mawimbi makubwa zaidi. Kwa hiyo haimtoshi nahodha kusema, "Nimepunguza kidogo." Apunguze mpaka pua ishuke.

Aidha, ziwa lenyewe limetusogelea. Mwaka 2020 maji yalipanda hata kuvuka kiwango cha 1964, na mwaka 2024 yakapanda tena. Mabanda na nyumba zilizojengwa mbali na maji zikajikuta ukingoni. Wimbi ambalo zamani lilifia mchangani sasa laweza kupiga ukuta wa mtu.

Je, nani aweke kipimo? Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Kugongana kwa Vyombo Baharini za 1972 husema kila chombo kiende kwa mwendo wa usalama, kwa kutazama wingi wa vyombo, kina cha maji, upepo, na umbali ambao macho yanaweza kuona. Hazitaji tarakimu yoyote. Tarakimu hutegemea mahali. Huko Venice, Italia, ambako mifereji ndiyo barabara za mji, imewekwa mipaka ya mwendo kwa sababu mawimbi ya boti za injini yanakula misingi ya nyumba.

Kwetu njia ipo. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982 inaipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo. Mapendekezo hupelekwa kwanza kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kisha sheria hupelekwa halmashauri ya wilaya ili ipate idhini. Nawakumbusha kwamba mwaka huo huo wa 1982 ndipo ilipotungwa sheria ya kuvirudisha vyama vikuu vya ushirika, vilivyovunjwa mwaka 1976. Basi serikali za mitaa na ushirika ni ndugu waliorudi nyumbani pamoja, na haifai wapitane njiani bila kusalimiana.

Hata hivyo tusichanganye mamlaka. Kuandikisha na kukagua vyombo ni kazi ya TASAC. Kutunga sheria ndogo ni kazi ya kijiji. Kazi ya chama ni kuwafunga wanachama wake kwa azimio, na kuupelekea mkutano wa kijiji hoja iliyopangwa vizuri.

Najua kuna wanachama wenye boti watakaonung'unika kwamba barafu inayeyuka na gari la mnunuzi halisubiri. Hoja yao ni ya haki, na yastahili jibu la hesabu. Tuseme mpaka ni mita 200 kutoka mwaloni. Kwa kilomita 30 kwa saa, boti huzimaliza kwa sekunde 24. Kwa kilomita 6 kwa saa, yaani mwendo wa mtu anayetembea haraka, huzimaliza kwa dakika 2. Tofauti ni kama dakika moja na nusu. Hakuna samaki aozaye kwa muda huo, lakini mtoto aweza kuzama.

Wala tusidhani kwamba tarakimu ikiandikwa kazi imekwisha. Kivuko cha MV Nyerere kiliruhusiwa kuchukua watu 101. Kilipopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, waliokufa peke yao walizidi 220. Kivuko hicho hakikuponzwa na mwendo, bali shehena iliyopita kiasi. Lakini fundisho ni lile lile: kipimo kisicho na msimamizi gatini ni wino tu.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne. Mosi, mpaka uonekane kwa maboya, na kipimo kiwe mwendo wa mtu atembeaye ukingoni, ambao kila mtu aweza kuupima bila chombo. Pili, boti za chama na za viongozi wake zianze kutii kabla ya sheria kupita, na azimio hilo liandikwe katika kumbukumbu za mkutano. Tatu, faini ilipwe ofisi ya kijiji kwa stakabadhi, kamwe isilipwe mkononi mwaloni. Nne, boti inayokwenda kuokoa watu isihesabiwe kuwa na kosa.

Ndugu Makatibu, liwekeni jambo hili katika ajenda ya mkutano mkuu ujao, na waalikeni wenye makasia wakae meza moja na wenye injini. Wote ni wanachama, na wote hurudi mwalo ule ule jioni.