Giza, Ugeni na Fumbo: Filamu Nyeusi na Diwani za Washairi wa Zanzibar

Mhadhara wa umma, Gombani, Pemba

Mhadhara huu unazisoma pamoja sanaa mbili ambazo ni nadra kuwekwa meza moja: ushairi wa Kiswahili unaotungwa na Wazanzibari wanaoishi nje ya visiwa vyao, na zile filamu za Kimarekani za miaka ya 1940 na 1950 ambazo wahakiki huziita filamu nyeusi. Hoja yake kuu ni kwamba sanaa zote mbili zina mchango mkubwa wa watu walioishi mbali na kwao, na kwamba giza, kivuli na fumbo vilivyojaa ndani yake ni nyenzo za kusemea yale ambayo mgeni huona taabu kuyatamka waziwazi, ama kule alikofikia ama kule alikotoka. Haidaiwi hapa kwamba washairi hao waliiga filamu. Kinachodaiwa ni kwamba hali zinazokaribiana huzaa mbinu zinazokaribiana, na kwamba msomaji anayeifahamu sanaa moja huitazama ya pili kwa jicho pevu zaidi.

Filamu nyeusi

Jina hilo lilitolewa Ufaransa mwaka 1946 na mhakiki Nino Frank. Katika miaka ya kukaliwa na majeshi ya Ujerumani, tangu 1940 hadi 1944, Wafaransa hawakupata filamu mpya kutoka Marekani, na vita vilipokwisha zikawafikia kwa mkupuo mmoja, zikiwemo The Maltese Falcon ya John Huston (1941), Double Indemnity ya Billy Wilder (1944) na Laura ya Otto Preminger (1944). Kwa kuzitazama pamoja, wahakiki wa Paris waliona jambo ambalo Wamarekani wenyewe, waliozipata moja moja, hawakulipa jina: uhalifu ulisimuliwa kutoka ndani ya nafsi ya mkosaji, miji ilionekana usiku zaidi kuliko mchana, na haki haikuwa na uhakika wa kushinda. Kipindi cha asili cha filamu hizo kwa kawaida huhesabiwa kuanzia mwaka 1941 hadi 1958, ilipotoka Touch of Evil ya Orson Welles.

Mbinu zake zinaonekana wazi katika Double Indemnity. Mwanzoni mwa filamu, wakala wa bima aitwaye Walter Neff anaingia ofisini usiku akiwa na jeraha la risasi begani, anaketi mbele ya mashine ya kunasa sauti, na kuanza kukiri kosa lake kwa mwenzake wa kazi ambaye hayupo. Tangu hapo mtazamaji anajua kwamba mtu huyu ameshindwa, na kinachobaki ni kujua alifikaje hapo. Usimulizi wa namna hii, unaoanzia mwishoni na kurudi nyuma, huitwa mbinu rejeshi. Katika nyumba ya mwanamke aliyemponza, mwanga unapenya kwenye mapazia ya mbao na kumchora mistari mwilini kama nondo za jela, na mpigapicha John F. Seitz alirusha hewani chembechembe za alumini ili mwanga huo uonekane umejaa vumbi. Hukumu ya Neff imekwishaandikwa kwa kivuli kabla hakimu hajaitamka.

Watu waliovileta vivuli hivyo Hollywood hawakuwa wenyeji wa huko. Wilder alizaliwa mwaka 1906 katika dola ya Austria na Hungaria, akafanya kazi Berlin, na akaondoka mwaka 1933 Hitler aliposhika madaraka. Mama yake aliuawa na Wanazi. Fritz Lang na Robert Siodmak waliondoka Ujerumani mwaka huohuo, na Preminger akatoka Vienna kwenda Marekani mwaka 1935. Waliondoka na ujuzi wa sinema ya Kijerumani ya miaka ya 1920, iliyozoea kuipinda nyumba, ngazi na kivuli ili kuonyesha hofu iliyomo moyoni, na waliuchanganya ujuzi huo na riwaya za uhalifu za Kimarekani. Mtu aliyeona serikali ya nchi yake ikigeuka kundi la wahalifu asingeweza kuamini kwa wepesi kwamba polisi na mahakama hutosha kurudisha mambo mahali pake.

Kutoka upelelezi hadi kiza

Hadithi ya uhalifu si ngeni visiwani. Jengo la sinema la Royal lilifunguliwa mjini Unguja mwaka 1921, na Muhammed Said Abdulla alichapisha Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, riwaya iliyomleta Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko na akili kali aliyefinyangwa kwa mfano wa Sherlock Holmes. Hata hivyo, Bwana Msa ni mtu wa nuru: mwisho wa kila kisa hukaa chini, akafumbua fumbo lote, na jamii ikarudi katika utulivu wake. Filamu nyeusi huivunja ahadi hiyo, kwa kuwa ndani yake mchunguzi naye amo gizani.

Katika fasihi ya Zanzibar, hatua hiyo inaonekana kwa Said Ahmed Mohamed, mshairi wa diwani za Sikate Tamaa na Jicho la Ndani, aliyefundisha Osaka nchini Japani na Bayreuth nchini Ujerumani. Majina ya vitabu vyake viwili vingine, riwaya ya Kiza katika Nuru (1988) na tamthilia ya Kivuli Kinaishi (1990), yanatosha kuonyesha kwamba kwake giza na mwanga havikai mbalimbali. Katika Kivuli Kinaishi, Bi Kirembwe anatawala Giningi, nchi ya wachawi katika masimulizi ya visiwani, kwa kuwalevya raia unga wa ndere ili wapoteze uwezo wa kupambanua. Mwandishi ameutwaa usiku ambao kila mtoto wa Pemba ameusikia katika hadithi, akaufanya uwanja wa kuhoji utawala. Siodmak na Lang waliutumia usiku wa mjini kwa kazi hiyohiyo.

Mshairi wa Pemba aliye karibu zaidi na hoja hii ni Mohammed Khelef Ghassani, mwandishi wa habari anayeishi Ujerumani, ambaye diwani yake N'na Kwetu: Sauti ya Mgeni Ugenini ilipata Tuzo ya Mabati-Cornell ya Fasihi ya Kiafrika kwa upande wa ushairi mwaka 2015. Andamo: Msafiri Safirini, diwani yake nyingine, inaendeleza maudhui ya safari. Katika kazi hizi nafsineni, yaani sauti inayosema ndani ya shairi na ambayo haipaswi kuchanganywa na mshairi mwenyewe, ni mtu aliyesimama mbali na anayemzungumzia asiyekuwepo. Huo ndio msimamo wa Neff mbele ya mashine yake: msemaji yuko peke yake, msikilizaji yuko kwingine, na kusema kwenyewe ndiko kunakomuunganisha na alichokipoteza. Tofauti ni kubwa pia na haifai kufichwa, maana Neff anakiri kosa lililokwisha kumwangamiza, ilhali mgeni wa Ghassani anadai haki ya kuwa na kwao. Ugeni uliowapa watengeneza filamu hisia ya kushindwa unampa mshairi wa Pemba sababu ya kusisitiza.

Tofauti hiyo inatokana na urithi. Pemba ilikuwa na malenga wakubwa kabla ya sinema kubuniwa, na kitabu Kale ya Washairi wa Pemba: Kamange na Sarahani, kilichohaririwa na Abdilatif Abdalla na kuchapishwa mwaka 2011, kimeokoa sehemu ya kazi zao. Malenga hao wa karne ya 19 walitunga na kujibizana kwa mafumbo, yaani kauli zenye maana ya juu inayosikika na kila mtu na maana ya ndani inayofikiwa na mwenye kujua. Fumbo hufanya kwa maneno kile ambacho taa moja iliyowekwa pembeni hufanya kwa sura ya mwigizaji: huangaza upande mmoja na kuiachia hadhira kazi ya kuujua wa pili. Hata hivyo fumbo la malenga linahitaji jamii inayolielewa, na kwa hiyo mshairi aliye Ujerumani anayefumba kwa Kiswahili cha kwao bado anaye mtu wa kumfumbulia, jambo ambalo Wilder, aliyelazimika kuandika kwa lugha aliyojifunza ukubwani, hakuwa nalo.

Kutokana na hayo, somo la ushairi katika skuli na vyuo vya Pemba linastahili kupanuliwa kwa namna mbili. Kwanza, diwani za washairi walio nje zisomwe kama sehemu ya fasihi ya kisiwa hiki, sambamba na Kamange na Sarahani, badala ya kuhesabiwa habari za ughaibuni. Pili, filamu nyeusi zionyeshwe darasani na kuhakikiwa kwa istilahi za Kiswahili, kwani mwanafunzi aliyezoea fumbo ana maandalizi mazuri ya kuelewa kivuli. Walimu wasingoje mtaala ubadilike ndipo waanze: wachague shairi moja na filamu moja, waviweke mbele ya wanafunzi wao, na wawaulize nani anasema, anasema na nani, na nini kimeachwa gizani kwa makusudi.